Kuripoti msimu mzima wa tenisi ukiwa Unguja au Pemba: mwongozo kamili

Kila Januari huchipuka kurasa mpya za tenisi kwa Kiswahili. Australian Open inaanza, ari imejaa, matokeo yanabandikwa usiku na mchana. Ikifika Machi nyingi zimeshanyamaza. Zilizobaki zinataja saa zisizo sahihi, zinatangaza nusu fainali ambazo hazijapatikana, na zinaeleza kupanda na kushuka kwa wachezaji kwa namna isiyomfaa msomaji.

Maswali yanayonifikia ni yale yale, basi nayajibu yote pamoja. Mwongozo huu ni wa anayeandikia ukurasa wake au gazeti, au anayesoma michezo redioni, akiwa hapa hapa visiwani, bila kibali cha uandishi cha Wimbledon wala tiketi ya ndege.

Hutayashinda mashirika makubwa ya habari kwa mbio. Unapobandika matokeo, mwenye simu ameshayaona. Asichokuwa nacho ni maelezo ya Kiswahili yanayomfikia saa aliyo macho: kwa nini huyu kashinda, kapata nini, na sasa anakabiliana na nani. Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa ajili ya hilo.

## Andaa hivi kwanza

Jedwali moja. Liwe kwenye simu, kompyuta au daftari la karatasi. Mimi napendelea daftari kwa sababu halizimiki umeme ukikatika. Safu zake: mchezaji, mashindano, pointi alizopata mwaka jana, pointi alizopata mwaka huu, tofauti.

Kalenda ya msimu iliyogeuzwa kwa saa zetu. Utaitengeneza katika hatua ya pili.

Vyanzo vitatu, visizidi. Tovuti ya ATP kwa wanaume, ya WTA kwa wanawake, na tovuti ya mashindano yenyewe kwa droo (mpangilio wa nani anakutana na nani) na ratiba ya siku. Akaunti za mashabiki zinachekesha, lakini si chanzo.

Orodha ya maneno yako. Amua mapema utaandika sevu au kuanzisha mpira, taibreka au gemu ya kuamua, kisha usibadilishe katikati ya msimu. Usiiachie programu ya kutafsiri ikuamulie: nimeona mchezaji bora wa mashindano akiitwa "mbegu namba moja". Sema aliyepangwa namba 1, kila mtu ataelewa.

Betri ya akiba na bando la usiku. Mechi za Marekani zinachezwa wakati duka la vocha limefungwa.

Picha zako mwenyewe. Picha za uwanjani zina wenyewe, na vipande vya video vina wenyewe wakali zaidi. Ukurasa unaweza kufungiwa kwa kipande kifupi tu. Chora droo, tengeneza kadi ya matokeo yenye rangi zako. Inatosha.

## Hatua ya 1: Chagua wachezaji wachache na uwabebe mwaka mzima

Grand Slam ni mashindano manne makubwa ya mwaka: Australian Open, Roland Garros ya Paris, Wimbledon na US Open. Droo ya kila moja ina wachezaji 128 wa kiume na 128 wa kike. Anayejaribu kuwafuata wote huishia kuandika orodha ya majina.

Chagua wanane: wanaume wanne na wanawake wanne. Wawili katika kila upande wawe wa kileleni. Msimu wa 2025 hilo lilikuwa rahisi: Jannik Sinner na Carlos Alcaraz waligawana Grand Slam zote nne za wanaume, na kwa wanawake Aryna Sabalenka na Iga Świątek hawakukosekana kwenye mazungumzo. Mmoja awe mkongwe ambaye hata asiyefuata tenisi anamjua. Novak Djokovic na mataji yake 24 ya Grand Slam anafaa bado. Mmoja awe kijana anayepanda.

Na mmoja lazima awe Mwafrika. Hapo kurasa zetu nyingi zinapoteza wasomaji bure. Ons Jabeur wa Tunisia amecheza fainali tatu za Grand Slam: Wimbledon 2022 na 2023, na US Open 2022, na aliwahi kushika namba 2 duniani. Julai 2025 alitangaza kupumzika, kwa hiyo usimtegemee peke yake. Mwangalie Mayar Sherif wa Misri. Karibu zaidi na sisi yuko Angella Okutoyi wa Kenya, aliyetwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili mwaka 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Okutoyi hucheza zaidi mashindano madogo ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia, ambayo hayaoneshwi sana kwenye televisheni, na hiyo ndiyo nafasi yako: matokeo yake ukiyaandika wewe vizuri, huna wa kushindana naye kwa Kiswahili.

Kwa kila mmoja andika ukurasa mmoja: tarehe ya kuzaliwa, nchi, mkono anaotumia, kocha wa sasa, mataji makubwa, majeraha ya karibuni. Jina liandike kama lilivyo. Wa redioni, nenda kwenye ukurasa wa mchezaji katika tovuti ya ATP; wengi wamerekodiwa wakitamka majina yao wenyewe. Świątek likisomwa kama lilivyoandikwa mbele ya anayejua, utasikia simu za wasikilizaji.

Onyo: usichague wanane wote kwa mapenzi. Ukiwa shabiki wa Alcaraz, mweke Sinner pia, tena mpe nafasi sawa.

Utajua umefanikiwa pale ambapo, ukiamshwa usiku, unaweza kusema kila mmoja wa wanane yuko wapi wiki hii na amecheza lini mara ya mwisho.

## Hatua ya 2: Geuza kalenda iwe ya saa zetu

Makosa mengi kuliko yote yako hapa, kwa hiyo nenda polepole.

Sisi tuko saa 3 mbele ya saa ya dunia, na saa zetu hazibadiliki mwaka mzima. Ulaya, Marekani na Melbourne wanasogeza saa zao. Maana yake tofauti kati yetu na mji mmoja si ile ile Januari na Julai.

Melbourne, Januari. Wako saa 8 mbele yetu. Mechi za kwanza zinazoanza saa 5 asubuhi kwao, kwetu ni saa 9 usiku. Lakini mechi za usiku, zinazoanza saa 1 jioni kule, zinatufikia saa 5 asubuhi. Ndiyo kusema mechi kubwa za Australian Open ni za kuangalia ukiwa kazini. Usikeshe bila sababu.

Doha na Riyadh. Saa sawa na zetu. Fainali za mwisho wa msimu za WTA zilifanyika Riyadh 2024 na 2025, na hakuna mashindano rahisi kuripoti kama yale. Dubai wako saa moja mbele.

Indian Wells, Machi. Mtego mkubwa wa mwaka. Mashindano yanapoanza, California iko saa 11 nyuma yetu. Katikati ya mashindano, Jumapili ya pili ya Machi, Wamarekani wanasogeza saa mbele na tofauti inakuwa 10. Kalenda uliyoitengeneza Februari inakuwa batili usiku mmoja. Weka alama nyekundu kwenye Jumapili hiyo.

Monte Carlo, Madrid, Roma, Paris. Kuanzia Aprili hadi Juni hawa wako saa moja tu nyuma yetu. Roland Garros inaanza saa 6 mchana kwetu, na mechi ya usiku inaanza saa 3 na robo usiku, baada ya isha. Fainali saa 10 alasiri. Hii ndiyo miezi ya mavuno.

Wimbledon. Saa 2 nyuma. Viwanja vya pembeni saa 7 mchana, Centre Court saa 9 na nusu alasiri. Mwaka 2025 fainali zilisogezwa na kuanza saa 12 jioni kwa saa zetu, yaani magharibi inakukuta kwenye seti ya kwanza. Wana sheria ya kuzima mchezo saa 5 usiku kwao, kwetu saa 7 usiku; mechi isiyokwisha inahamia kesho. Kabla ya kuandika kwamba fulani "ameaga", hakikisha mechi imekwisha kweli.

US Open. New York wako saa 7 nyuma. Mchana wao unaanza kwetu saa 12 jioni, na mechi za usiku zinaanza saa 8 usiku wetu. Hapa tarehe nayo inabadilika: mechi ya "Jumanne usiku" ya New York kwetu ni Jumatano.

Shanghai na Turin. Shanghai saa 5 mbele. Turin, kwenye fainali za mwisho wa msimu za wanaume mwezi Novemba, saa 2 nyuma, kwa sababu Ulaya hurudisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Sasa namna ya kuandika. Kila mechi kwenye kalenda yako iwe na namna mbili: 02:00 na "saa 8 usiku". Ile ya kwanza ni kwa ajili ya hesabu, ya pili ni kwa ajili ya msomaji. Ukichukua "8 usiku" kutoka tovuti ya kigeni na kuibandika hivyo hivyo, umempeleka mtu kwenye televisheni saa 6 mapema au saa 6 baadaye. Na usiandike "saa 8" peke yake. Weka usiku au mchana, na siku ya wiki kwa kalenda yetu.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, sambamba na Dubai na Indian Wells. Si balaa. Saa zikishasogezwa, mechi za mchana za California zinaanza saa 3 usiku, tarawehe zinapomalizika, na za jioni zinaangukia daku. Watu wako macho saa ambazo mwezi mwingine wangekuwa wamelala. Panga kazi yako kubwa iwe hapo.

Kalenda imekamilika pale mtu wa nyumbani kwako, asiyejua tenisi, anapoweza kuisoma na kukwambia mechi inayofuata ni lini.

## Hatua ya 3: Weka hesabu ya pointi za kutetea

Ukiielewa hatua hii, utaandika vitu ambavyo wengine wanavisoma tu. Ukiiruka, utaandika "ameshuka kwa sababu amefungwa", na huenda si kweli.

Pointi za mchezaji huhesabiwa kwa wiki 52. Alichopata wiki hii mwaka jana kinaondoka, alichopata mwaka huu kinaingia. Bingwa wa Grand Slam anapata 2000, aliyefungwa fainali 1300. Kutoka hapo jedwali la wanaume na la wanawake linaachana: nusu fainali ni 800 kwa wanaume na 780 kwa wanawake, robo fainali 400 kwa wanaume na 430 kwa wanawake. Usitumie jedwali moja kwa wote. Chini yake yapo mashindano ya 1000, 500 na 250. Namba ni pointi za bingwa.

Tazama US Open ya 2025. Sinner alikuwa bingwa wa 2024, kwa hiyo aliingia na 2000 za kutetea. Alcaraz mwaka 2024 alitolewa raundi ya pili na kupata 50 tu. Wote wawili wakafika fainali ya tarehe 7 Septemba. Alcaraz akashinda: akaongeza 1950. Sinner akafika fainali ya Grand Slam, jambo ambalo wengi wanaota, na bado akapoteza 700. Namba 1 duniani ikahama kwenye orodha ya Jumatatu, kesho yake.

Aliyeweka daftari aliyajua hayo kabla hata droo haijatoka. Angeweza kuandika wiki mbili mapema kwamba Alcaraz hana cha kupoteza New York na Sinner hana cha kuongeza. Hiyo ndiyo makala inayosomwa, si ile ya matokeo.

Fanya hivi kila mwisho wa mwezi: chukua wanane wako, andika kila mmoja anatetea pointi ngapi mwezi unaokuja. Anayetetea nyingi, mfuatilie kwa hofu. Anayetetea chache, mfuatilie kwa matumaini.

Maonyo mawili. Orodha rasmi hutoka Jumatatu, lakini katikati ya Grand Slam na ya mashindano ya siku 12 haitoki; namba unazoziona zikicheza kila siku ni makadirio ya moja kwa moja, na uyaite hivyo. Pili, hesabu ina mambo ya kipekee. Wimbledon ya 2022 haikutoa pointi hata moja, baada ya wachezaji wa Urusi na Belarus kuzuiwa. Jabeur alifika fainali na Elena Rybakina akatwaa kombe, wote kwa sifuri. Namba ikikushangaza, tafuta sababu kabla hujaituhumu.

Ukiweza kumweleza mtu wa barzani kwa nini mshindi wa pili ameshuka, bila kutazama simu, hatua hii umeimaliza.

## Hatua ya 4: Soma droo siku inapotoka

Droo za Grand Slam hutoka siku chache kabla ya mashindano. Hiyo ndiyo siku ya kuandika makala yako ndefu kuliko zote za wiki mbili zijazo, kwa sababu bado hakuna aliyefungwa na kila msomaji ana mtu wake.

Wachezaji 32 hupangwa ili wasikutane mapema. Namba 1 na namba 2 wanawekwa pande mbili tofauti. Hawawezi kukutana kabla ya fainali. Namba 3 na 4 wanagawiwa kwa kura, kwa hiyo kitu cha kwanza kutazama ni nani kaangukia upande wa nani. Bingwa anahitaji kushinda mechi saba.

Wapitishie wanane wako kalamu: raundi ya kwanza, ya tatu, robo fainali. Andika "huenda akakutana na". Usiandike "atakutana na". Nimeziona kurasa zikitangaza robo fainali kwa picha na muziki, na mmoja wao akatolewa Jumatatu.

Wasiopangwa wasikupite. Wapo waliotoka kwenye mchujo, wapo walioalikwa na waandaaji, na wapo waliofungwa kwenye mchujo wakarudishwa kujaza nafasi ya aliyejitoa. Emma Raducanu alitwaa US Open ya 2021 akitokea kwenye mchujo, mechi kumi bila kupoteza seti. Goran Ivanišević alikuwa mwalikwa tu alipotwaa Wimbledon 2001. Markéta Vondroušová hakupangwa kabisa alipomfunga Jabeur fainali ya Wimbledon 2023. Jina usilolijua kwenye droo ni kazi ya kufanya: litafute sasa, siyo siku litakapomtoa mtu mkubwa.

## Hatua ya 5: Tazama mechi kama mwandishi

Huwezi kuangalia kila mpira wa mechi inayochukua saa nne, na huna haja. Angalia gemu mbili za mwanzo, kila gemu baada ya 4-4, kila taibreka, na gemu ya mwisho. Katikati, fuata matokeo kwenye simu.

Andika mambo manne pekee: saa ya kuanza na kwisha, gemu ambayo sevu ilivunjwa (yaani aliyesevu aliipoteza), nafasi za kuvunja zilizopotea, na kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako. Hicho cha nne hakipatikani kwenye takwimu. Labda mchezaji ameanza kusimama nyuma zaidi, labda anashika paja, labda ameacha kwenda wavuni.

Chukua fainali ya Roland Garros ya 2025. Alcaraz alimshinda Sinner 4-6, 6-7(4), 6-4, 7-6(3), 7-6(10-2) kwa saa 5 na dakika 29. Ukisoma namba hizo peke yake utaona mechi ndefu. Mechi yenyewe iko kwenye seti ya nne: Sinner anaongoza 5-3, Alcaraz anasevu na yuko 0-40, pointi tatu za ubingwa. Akaziokoa zote. Anayeripoti bila gemu ile hajairipoti fainali.

Namba zenyewe zisome hivi. Matokeo huandikwa upande wa mshindi. Kwenye mabano ni pointi za aliyepoteza taibreka: 6-7(4) maana yake Alcaraz alipata nne. Seti ya mwisho katika Grand Slam zote, tangu 2022, ikifika 6-6 inaamuliwa kwa taibreka ya pointi 10, ndiyo maana 10-2 imeandikwa kamili. Wanaume wanacheza hadi seti tatu za ushindi kwenye Grand Slam, wanawake mbili.

Uwanja nao ni sehemu ya habari. Udongo wa Paris unapunguza kasi na kuunyanyua mpira, nyasi za Wimbledon zinauteremsha. Sentensi moja inatosha. Wimbledon iliacha waamuzi wa mistari mwaka 2025 na kutumia mitambo. Paris mwaka huo huo bado waliitazama alama kwenye udongo. Ukijua hilo hutaandika kwamba mwamuzi "alishuka kukagua" mahali ambapo mitambo ndiyo inayoamua.

Juu ya aliyefungwa: Świątek alimshinda Amanda Anisimova 6-0, 6-0 kwenye fainali ya Wimbledon 2025 kwa dakika 57. Kejeli zilimiminika mitandaoni. Wewe ongeza kwamba Anisimova alimtoa Sabalenka, namba 1 wa dunia, kwenye nusu fainali, na kwamba miezi miwili baadaye alifika fainali ya US Open. Hiyo ni habari. Kejeli kila mtu anazo.

## Hatua ya 6: Andika rasimu kabla ya mwisho

Seti ya pili ikimalizika, uwe na aya mbili tayari: moja fulani akishinda, nyingine akishindwa. Mechi ikiisha unajaza namba na kile ulichokiona. Asiye na rasimu hubandika saa moja baadaye, au anabandika upuuzi.

Sentensi ya kwanza ibebe nani, dhidi ya nani, matokeo, hatua ya mashindano, na maana yake. Kwa mfano:

*Carlos Alcaraz wa Hispania ametwaa US Open kwa kumshinda Jannik Sinner wa Italia 6-2, 3-6, 6-1, 6-4 katika fainali ya New York, na kwa ushindi huo amemnyang'anya mpinzani wake namba 1 ya dunia.*

Aya ya pili ni gemu iliyoamua. Ya tatu ni pointi na kinachofuata. Acha hapo. Makala ndefu ya uchambuzi itoke kesho yake.

Wa redioni asisome seti zote tano, sikio halizishiki. Sema "kwa seti tatu kwa mbili, baada ya kuwa nyuma seti mbili", kisha eleza gemu moja.

Punguza lugha ya mpira wa miguu. Wasomaji wetu wengi wametokea huko na inavutia kusema "kipindi cha kwanza" au "dakika za majeruhi", lakini tenisi haina saa inayokwisha, na huo ndio utamu wake. Waeleze hivyo mara moja, watakuelewa.

Saa ya kubandika ni sehemu ya uandishi. Mechi ya New York iliyokwisha saa 11 alfajiri isubiri watu watoke msikitini na washike simu. Habari iliyobandikwa saa 9 usiku hufika asubuhi ikiwa imefukiwa chini ya nyingine.

## Hatua ya 7: Majeraha, adhabu na mikeka

Mambo haya matatu yanahitaji mkono mzito kwenye breki.

Kuna tofauti kati ya aliyejitoa katikati ya mechi, asiyeingia uwanjani kabisa, na aliyeondolewa na mwamuzi. Wa kwanza anahesabiwa kushindwa. Wa pili, mechi haihesabiwi kwenye rekodi ya wawili hao. Wa tatu ni kama Djokovic US Open 2020, alipompiga mwamuzi wa mstari kwa mpira bila kukusudia. Ukisema "kajitoa" kwa wote watatu, umeandika habari tatu za uongo kwa neno moja. Jeraha usilitaje aina yake mpaka mchezaji au timu yake iseme.

Kwenye dawa zilizopigwa marufuku, fuata maneno ya uamuzi. Sinner alikutwa na clostebol Machi 2024. Jopo huru likaona hana kosa, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, WADA, likakata rufaa, na Februari 2025 WADA na Sinner wakakubaliana afungiwe kucheza miezi mitatu, kuanzia tarehe 9 Februari hadi 4 Mei. WADA wenyewe walikubali kwamba hakukusudia kudanganya. Ukiandika "Sinner afungiwa kwa kutumia dawa" ukaishia hapo, umeacha nusu ya uamuzi. Ukiandika "ameonewa", umeamua kesi isiyo yako.

Mikeka: wengi watakuomba utabiri. Kataa. Ukurasa unaotoa mikeka hauaminiki tena unapoeleza kwa nini mtu kafungwa, kwa sababu kila mtu anafikiri kuna pesa ndani yake. Tena wachezaji wa mashindano madogo hutukanwa na kutishwa na waliopoteza dau. Usiwe mmoja wa waliowasha moto huo.

## Hatua ya 8: Fika Novemba ukiwa bado unaandika

Msimu ni miezi kumi na moja na hakuna anayeweza kuukimbia wote kwa kasi moja. Gawa nguvu.

Kazi kamili, kila siku: Grand Slam nne. Kazi ya wastani, robo fainali kwenda mbele: mashindano ya 1000. Mengine yote, muhtasari mmoja wa Jumatatu unaotaja mabingwa na nani kati ya wanane wako kafanya nini. Wiki inayofuata Grand Slam usiandike kitu zaidi ya muhtasari huo. Wasomaji nao wamechoka.

Tafuta mwenza. Mmoja akiwa Unguja na mwingine Chake Chake, umeme ukikatika upande mmoja mwingine anaendelea. Masika yanaingia Machi, Indian Wells na Miami zikichezwa, na yanaendelea katika mashindano ya udongo, basi hili si la kinadharia. Gawaneni kwa saa: mmoja achukue usiku wa Marekani, mwingine Ulaya. Mkigawana kwa wanaume na wanawake, mmoja atakuwa amelala siku ambayo mwenzake ana mechi nne.

Julai hadi Septemba ndipo wengi huvunjika. Toka Wimbledon unaingia Canada na Cincinnati, kisha New York, na mechi za usiku kwao ni usiku wa manane kwetu. Chagua usiku wa kukesha kabla ya mashindano kuanza: robo fainali mbili na nusu fainali, si zaidi. Fainali ya wanaume ya US Open huchezwa mchana wao, kwetu ni saa 3 usiku.

Oktoba anza kutazama mbio za kufuzu fainali za mwisho: wanane Turin kwa wanaume, wanane kwa WTA. Wanacheza kwa makundi, kwa hiyo mtu anaweza kufungwa mechi moja na bado akawa bingwa. Liandike hilo kila siku, kila siku atakuwepo asiyejua. Bingwa asiyepoteza mechi hata moja anaondoka na pointi 1500.

Fainali hizo zikimalizika, chukua safu ya "pointi za mwaka huu" uihamishie kwenye safu ya "pointi za mwaka jana" katika jedwali jipya. Badilisha wawili kati ya wanane wako, walioumia au waliokoma kupanda. Hakiki saa za Melbourne. Droo ya Australian Open inatoka Januari, na makala ya kwanza inatakiwa iwe imeandikwa nusu kabla ya siku hiyo.